Waliniita Mkubwa (Sehemu ya Saba)

Kwanza niwajibu mlioniandikia. Wiki iliyopita niliposema nimefunga begi naenda kazini mji wa mbali, mlinijia juu. Mmoja kasema nina roho mbaya, nawezaje kumwacha mama aliyepooza. Mwingine, mwanamke mwenzangu, kaniambia, "Nenda dada, nenda hata kwa miguu." Nyote nawashukuru. Ila msinihukumu kabla sijafika mwisho wa mambo ya Jumamosi ile.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: mimi ni fundi cherehani na nina pacha. Tuliambiwa mimi ndiye niliyetangulia, yeye akafuata baada ya muda mfupi tu. Kwa muda huo mfupi mimi nikawa Mkubwa na yeye akawa Mdogo, majina yetu halisi yakabaki kwenye vyeti.

Msidhani ni jina tu. Mdogo akivunja sahani, mimi ndiye ninayeulizwa, "Wewe mkubwa ulikuwa wapi?" Ilipopatikana nafasi ya mmoja kuendelea na shule, nikaambiwa nimpishe mwenzangu, nikaketi kwenye cherehani ya mama. Mchumba wangu aliombwa asubiri kidogo mpaka Mdogo atulie. Alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Mdogo mpaka leo hajatulia.

Kisha mama akapata kiharusi, upande wote wa kulia ukafa. Cherehani nikaihamishia sebuleni ili nimsikie akiita. Nikishona pindo naita, "Mama upo?" Nikimaliza naenda kumgeuza, kumlisha kwa kijiko, kumbadilisha, kisha narudi kwenye pindo. Wateja wangu wamezoea kupimwa huku nimegeuza shingo kutazama mlango wa chumba.

Halafu ikaja ile simu. Kiwanda kinachoshona sare za wauguzi kilitaka msimamizi wa meza ya kukata. Pale kitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, kisha hukatwa kwa mpigo mmoja, mkono ukiteleza umeharibu sare za wodi nzima. Kuna mtu aliwaambia mkono wangu hautelezi. Jamani, nililia. Kwa mara ya kwanza nilitakiwa mahali kwa sababu ya mikono yangu, si kwa sababu ya nani alitangulia kutoka tumboni.

Mdogo alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake ya pili kuvunjika. Nilipomwambia alinikumbatia. "Nenda, dada," akasema. "Mama niachie mimi." Nikamfundisha kila kitu: namna ya kumgeuza bila kumvuta mkono, uji uwe mwepesi kiasi gani, kitanda kisukumwe ukutani asianguke. Tuliishia hapo.

Sasa Jumamosi ikafika.

Basi langu lilikuwa la mchana. Asubuhi nilimwogesha mama, nikamkata kucha, nikamvisha gauni nililomshonea lenye vifungo mbele, maana la kuvalia kichwani linamtesa. Nikatoka na beseni kwenda kumwaga maji. Nikamkuta Mdogo jikoni amesimama tu, mikono amejikumbatia.

"Dada, mimi sitaweza."

"Hutaweza nini?"

"Kubaki na mama."

Nilidhani anatania. Mdogo ni mtu wa utani, hata msibani anaweza kuwachekesha waliobeba jeneza.

"Usinichezee, Mdogo. Tiketi iko mfukoni."

"Sichezi. Jana ulinituma nimnyweshe dawa, akapaliwa. Uliona alivyobadilika rangi?"

"Watu wote wanapaliwa. Ulimwinua, akakohoa, akapona. Basi."

"Wewe ndiye uliyekuja ukamwinua. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe napiga kelele." Akaanza kulia. "Sikuzaliwa na moyo huo, dada. Wewe ndiye mkubwa, umeumbwa hivyo. Mimi ukiniachia mgonjwa nitamuua."

Niliweka beseni chini, maji yakanirukia miguuni. Nilimwambia maneno ambayo mhariri hatayachapa. Nilimwambia kila alipoharibu mimi ndiye niliyefagia, na kwamba mara hii moja, moja tu, nilikuwa namwomba asimame kama mtu mzima. Naye analia tu na kurudia, "Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye mkubwa," mpaka nikatamani kumziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

Nikampigia simu shangazi. Shangazi ni dada yake marehemu baba, anakaa mtaa wa pili, na katika ukoo wetu yeye ndiye mahakama. Alifika mbio, mguu mmoja una ndala nyeusi, mwingine ya bluu.

"Nani kafa?" akauliza mlangoni.

"Hajafa mtu, shangazi."

"Basi mbona umenipigia simu kwa sauti ile? Moyo wangu huu mnauona wa chuma?"

Nikaanza kumweleza pale pale. Akanikatiza. Mambo ya nyumba hayasemwi mgongoni mwa mwenye nyumba, akasema, akatusukuma sote chumbani kwa mama. Yeye akachukua kiti, sisi tukasimama, mmoja upande huu wa kitanda, mmoja upande ule.

Mama alitutazama. Ulimi wake mzito, lakini akili yake haina kasoro, anasikia mpaka mlio wa sindano ikivunjika sebuleni.

Nilijieleza. Mdogo naye akajieleza, yaani alilia, akarudia wimbo wake: kila mtu ana alivyozaliwa, mkubwa ana moyo wa ukubwa, mdogo ana wa udogo, yeye hakujiumba.

Nilijua hukumu kabla haijasomwa. Nilijua shangazi atanigeukia aseme, mwanangu, wewe ndiye mkubwa, vumilia. Nimeisikia tangu sijaota meno ya pili. Nilishaanza kufikiria nitawaambia nini watu wa kiwandani.

Shangazi akamgeukia Mdogo.

"Udogo, udogo! Udogo gani huo, na mvi zimeshakutoka? Mwenzio ana nafasi yake, mwache aende. Na tena huo ukubwa wenyewe mnaougombania, nani anaujua?"

Mama akagonga ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima. "Wifi," akasema kwa taabu. "Nyamaza."

"Ninyamaze mpaka lini? Nizikwe nalo?"

"Wifi!"

"Shangazi," nikasema, "umesema nani anaujua. Una maana gani?"

Shangazi akavuta pumzi. Akamtazama mama, akatutazama sisi, akaangalia ndala zake, na nadhani ndipo alipogundua hazifanani.

"Mlizaliwa hapa hapa nyumbani, kabla ya siku zenu," akaanza. "Mimi nilikuwa nje nahangaika na moto. Mkunga akawatoa. Wa kwanza akamfunga uzi mwekundu mkononi ili ajulikane, mama yenu akaona, baba yenu akaonyeshwa. Mkunga akaenda zake, mama yenu akapitiwa na usingizi, alikuwa hoi. Mimi nikaingia na maji kuwaogesha. Hakuna aliyekuwa ameniambia habari ya uzi. Namkuta mmoja ana uzi wake mzuri mwekundu, mwenziwe mikono mitupu. Roho ikaniuma. Nikasema, kha, na huyu kakosa nini?"

Nilianza kuona inakoelekea. Nikakivuta kitanda kidogo kutoka ukutani, nikakaa kwenye ukingo wake.

"Ukafanya nini, shangazi?"

"Nikaenda kwenye cherehani ya mama yenu. Nikakata uzi ule ule. Nikamfunga na yeye."

"Ukamfunga na yeye."

"Vizuri kabisa. Nikawaogesha, nikawavisha, nikawalaza pamoja. Mlipendeza!"

Nilicheka. Naapa nilicheka, kicheko kibaya kilichotokea puani. Fikirieni. Mtu mmoja hakutaka mtoto mchanga aonewe, akakata uzi.

"Mama yenu alipoamka akaona mikono miwili ina nyuzi mbili, alipiga ukelele mpaka majirani wakadhani mmekufa," shangazi akaendelea, sasa naye machozi yanamlengalenga. "Mlikuwa mmefanana mpaka kucha. Sikulala wiki nzima. Baba yenu akasema lisitoke nje ya chumba hiki."

Nikamgeukia mama. "Sasa mlijuaje? Mama, mlinijuaje mimi kuwa ndiye?"

Mama alifumba macho. Midomo yake ilianza kufanya kazi, upande mmoja ukivuta mwingine, na maneno yakawa yanatoka moja moja.

"Hatukujua."

"Sasa?"

"Mmoja analia. Analia sana. Mwingine... amenyamaza. Ananitazama tu." Akameza mate. "Nikamchukua anayelia. Nikamnyonyesha. Nikasema, yule mwingine ndiye mkubwa. Yule... ataweza kungoja."

Wasomaji wangu, nimefiwa na baba, nimekimbiwa na mchumba, haya yote mmeyasoma humu. Hakuna lililoniuma kama hilo. Sikuwa mkubwa. Nilikuwa mtoto mchanga aliyenyamaza. Labda nilikuwa nimechoka tu, labda na mimi nilikuwa na njaa lakini sikuwa na nguvu za kulia. Ningelia kidogo siku ile, ningepiga ukelele mmoja tu, pengine mimi ndiye ningesoma. Pengine mimi ndiye ningecheka hovyo na kuvunja sahani, na mtu mwingine angeulizwa alikuwa wapi.

Watu husema mkubwa huzaliwa na busara zake. Mimi busara hizo nilizijua zilipotoka. Ukimwambia mtoto kila siku kwamba yeye ataweza kungoja, atangoja, kisha mtasema ndivyo alivyo.

"Mnisamehe," mama akasema. Chozi lilimtoka kwenye jicho moja, lile linaloweza.

Nilitaka kumwambia nimemsamehe. Ndilo jambo ambalo Mkubwa angelisema. Halikutoka. Nikanyanyua uso kumtazama pacha wangu, maana nilidhani walau hili limetupiga sote wawili, walau leo tunaumia pamoja.

Mdogo alikuwa anaangalia sakafu. Anakunja ncha ya shuka, anaikunjua, anaikunja tena.

Hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Mdogo," nikaita.

Akaikunja shuka tena.

"Ulikuwa unajua."

Shangazi akasimama. "Mimi nimeacha sufuria motoni," akasema, na kabla sijageuka alishafika barabarani. Ndivyo alivyo shangazi yetu, akishapasua jipu hataki kuona usaha.

Sikutaka kupayuka mbele ya mama zaidi ya pale. Nikamshika Mdogo mkono, nikamtoa mpaka sebuleni, nikarudishia mlango. Begi langu lilikuwa pale kando ya cherehani.

"Tangu lini?"

"Dada..."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mimba yangu ilipotoka," akasema. "Nilipolazwa. Mama alikuja kunitazama, nikamwambia mimi ni mkosi, kila ninachoshika kinaharibika, kwa nini nisingezaliwa kama dada. Ndipo akaniambia. Alidhani atanifariji."

Hiyo ni miaka mingi. Ni kabla mchumba wangu hajaondoka. Nikakumbuka siku mchumba alipoondoka, nalia juu ya rundo la nguo za wateja, na Mdogo kanishika bega akinibembeleza, huku analijua hilo.

"Na ukanyamaza."

"Ningekwambia ungefanya nini?"

"Ningeondoka!"

"Ndiyo," akasema Mdogo. "Ungeondoka. Na nani angebaki? Mimi?"

Nilimnasa kibao. Sijawahi kumpiga maisha yangu yote, hata utotoni, maana mkubwa hampigi mdogo. Alishika shavu, hakulia. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, Mdogo hakulia.

"Unadhani nilifaidi?" akasema kwa sauti ya chini. "Eti mimi nilipendelewa. Nilipendelewa nini, dada? Hakuna aliyewahi kuniuliza lolote katika nyumba hii. Baba anakata roho, wewe umeitwa ndani, mimi nikaambiwa nikalale. Nikishika kisu mnanipokonya nitajikata. Nikishika cherehani mnanipokonya nitavunja sindano. Hata ufunguo wa mlango wa nyumbani kwetu sijawahi kupewa, nagonga kama mgeni. Kila nilichoshika mlininyang'anya. Leo ndiyo mnataka nimshike mama?"

Na ni kweli. Mimi mwenyewe nimempokonya vitu hivyo kwa mkono wangu huu, kwa upendo kabisa.

Nikamtazama usoni. Nyuso zetu bado zinafanana, ukiondoa mistari. Mimi yangu iko kwenye paji, ya kukunja uso. Yake iko kando ya macho, ya kucheka. Nilikuwa nadhani tulizaliwa nayo.

"Sikiliza," nikasema. "Sitaki tena kujua nani ni nani. Kazi ninaitaka. Nisipokwenda leo watamchukua mwingine, na mimi nitafia kwenye kiti hiki. Unanisikia? Nitakufa hapa nikigeuza shingo."

"Nasikia."

"Basi."

Nikatoa ufunguo wa nyumba kwenye mkufu wangu. Nikamfumbua kiganja, nikauweka humo, nikamfumba vidole kimoja kimoja.

"Akipaliwa mwinue mgongo, mpige taratibu," nikasema. "Usipige kelele. Ukipiga kelele na yeye anaogopa."

"Dada, naogopa."

"Na mimi nilikuwa naogopa. Hujawahi kuniuliza tu."

Aliinamisha kichwa. Halafu, polepole, akakubali. Aliufunga ufunguo ule kwenye ngumi akauweka kifuani, akasema, "Haya. Nenda." Nami nikaona kitu usoni mwake ambacho sijawahi kukiona, nikajua kwamba anaweza. Nilijua! Nikainama kuchukua begi. Muda wa basi ulikuwa bado unatosha.

"Mkubwa!"

Sauti ya mama kutoka chumbani.

Mdomo wangu ulishafunguka kusema abee. Nikaufunga.

Mdogo akanitazama. "Anakuita."

"Anaita Mkubwa," nikasema.

"Ndiyo. Wewe."

"Nani kakwambia?"

Nilisema kwa hasira, lakini haikuwa hasira peke yake. Nilijua nikiingia mle mara moja tu, nikimgeuza, nikimfuta mate, nikimwekea mto, sitatoka tena. Mdogo ndiye aliyetakiwa aende. Mara hii, ya kwanza, mimi nikiwa bado nimesimama hapa ili aone kwamba inawezekana. Nikamwonyesha mlango kwa kidevu. Akapiga hatua moja, akasimama. Kidole gumba kikawa kinasugua ufunguo.

"Mkubwa!" Sasa sauti ilikuwa ya hofu. "Mkubwa! Mkubwa!"

"Nenda," nikanong'ona.

"Dada, twende wote."

"Nenda, Mdogo."

Ndipo nikakumbuka. Wakati wa maneno yale ya nyuzi nilikuwa nimekaa upande wa ukutani, nikakivuta kitanda ili nipate nafasi ya miguu. Sikukirudisha.

Kikasikika kishindo. Kishindo kizito cha mtu, kisha kikombe cha kando ya kitanda kikazunguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia. Baada ya hapo hakuna aliyeita.

Hatukusogea. Mimi nimeshika begi, yeye ameshika ufunguo, tumekodoleana macho, kila mmoja anamngoja mkubwa aende.